Divai ya watawa na ukuta wa darini

 

Kama umewahi kusafiri kwenda Songea kwa basi, unaijua Makambako. Barabara kuu ya Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Ni mji wa watu wanaopita, na mji wa watu wanaopita haukosi mahali pa kunywa. Lyamkena ni kata mojawapo ya mji huo. Jumapili asubuhi kengele zinalia, kwaya zinapishana kwa sauti, na ikifika saa nane mchana baadhi yetu tuliotoka kanisani tunakutana tena, safari hii kwenye benchi la kilabu.

Jumapili moja ya mavuno, baada ya magunia ya mahindi, viazi na kuku kunadiwa, mama mmoja alipita mbele na bahasha. Mhazini alitaja kiasi kilichokuwamo, nasi tukapiga makofi, maana hakikuwa kidogo. Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Hiyo ni hela ya ulanzi." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeuliza swali ambalo hataki kulijibu mwenyewe.

Nililibeba swali lile hadi nyumbani. Je, kinachotoka kwenye dumu kinaweza kuwekwa madhabahuni? Na kama kikiwekwa, sisi tuliokipokea tunadaiwa nini?

Swali hilo si la Lyamkena peke yake. Limeulizwa kwa sauti kubwa huko Uingereza, na walioulizwa si wenye baa. Ni watawa.

Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika Devon, ipo Abasia ya Buckfast. Ilianzishwa mwaka 1018, ikafungwa mwaka 1539 katika utawala wa Mfalme Henry wa Nane, na kwa zaidi ya miaka 300 hapakuwa na sala ya watawa mahali pale. Mwaka 1882 wakaja Wabenediktini kutoka Ufaransa, watu waliofukuzwa kwao, wakaanza upya. Kanisa kubwa linaloonekana leo walilijenga kwa mikono yao wenyewe. Kwa kawaida hawakuzidi watawa sita kazini kwa wakati mmoja, na kazi iliwachukua takriban miaka 30, hadi mwaka 1938. Sisi wa nyanda za juu kusini tunaifahamu familia hiyo ya Mtakatifu Benedikto. Peramiho na Hanga ni abasia za Wabenediktini, na masista wa Imiliwaha hapa Njombe ni wa familia hiyo hiyo, ingawa kila nyumba ina mambo yake. Tunajua wanavyosali na wanavyofanya kazi. Wengi wetu tumetibiwa, tumesomeshwa na tumefundishwa ufundi na mikono ya namna hiyo.

Miaka ya 1890 watawa wa Buckfast walianza kutengeneza divai ya dawa. Ilikuwa divai iliyoongezwa nguvu na kutiwa vitu vya kuchangamsha mwili, na waliiuza kama dawa: glasi ndogo tatu kwa siku, kwa ajili ya afya na damu. Hapo hakuna la kushangaza. Paulo naye alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kama tunavyosoma katika 1 Timotheo 5:23. Mwaka 1927 abasia ilipoteza leseni ya kuuza divai hiyo. Abate wa wakati huo, Anscar Vonier, akapatana na mfanyabiashara wa divai: watawa watengeneze, yeye auze na kusambaza. Mpango wa namna hiyo umeendelea hadi leo.

Sasa tuangalie kilichomo ndani ya chupa. Ni kileo cha asilimia 15, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Pamoja na kileo kuna kafeini, kile kinachotukesha tunywapo kahawa. Chupa ya mililita 750 inayouzwa Uingereza ina miligramu 281 za kafeini, kiasi cha vikombe vitatu hivi vya kahawa. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema alilitia kahawa.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu pombe ina breki yake ya asili. Mtu akinywa sana husinzia, na akisinzia huacha kunywa. Kafeini huiondoa breki hiyo. Haipunguzi ulevi hata kidogo. Damu ina kileo kile kile, mikono ni mizito vile vile, akili imepungua vile vile. Ila mnywaji hajioni amelewa. Anajiona mzima, mwenye nguvu na mjasiri, anaagiza nyingine, kisha anainuka kwenda kuendesha gari au kumtafuta aliyemwudhi juzi. Ni mlevi aliye macho.

Divai ile haikubaki kwenye kabati za wagonjwa. Ilipanda kaskazini hadi Scotland, na huko ikapata maisha ambayo watawa hawakuyapanga. Katika miji ya viwanda na migodi iliyofungwa, kama Airdrie na Coatbridge, vijana waliipenda kwa kuwa ina nguvu na inachangamsha. Wakaipa jina la utani, Buckie. Wakaipa na majina mengine ya mzaha, mojawapo lenye maana ya juisi ya kubomoa nyumba. Magazeti yakachora ramani na kuliita eneo hilo pembetatu ya Buckfast. Ikaingia katika vichekesho na kwenye fulana. Tangu mwaka 2015 wapenzi wake wamejitengea hata siku moja katika mwezi Mei ya kuisherehekea. Chupa iliyotoka katika nyumba ya sala ikawa alama ya utani wa taifa zima.

Kisha vicheko vikakoma kidogo. Januari 2010, shirika la utangazaji la BBC lilieleza kwamba katika kipindi cha 2006 hadi 2009 jina la divai hiyo lilitajwa katika taarifa 5,638 za uhalifu za polisi wa Strathclyde, magharibi mwa Scotland. Katika matukio 114 kati ya hayo chupa yenyewe ndiyo iliyokuwa silaha. Uchunguzi mwingine kati ya wafungwa vijana ulionyesha kuwa miongoni mwa waliokunywa pombe kabla ya kutenda kosa, zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamekunywa divai hiyo ya watawa. Askofu mmoja wa Kianglikana huko Scotland akasema hadharani kwamba Mtakatifu Benedikto asingefurahia kazi hiyo.

Watawa na wauzaji wao walijibu. Walisema divai yao ni sehemu ndogo sana ya pombe yote inayouzwa Scotland, na hilo ni kweli. Haifiki hata asilimia moja. Walisema kinywaji hakimlazimishi mtu kupigana. Walisema kosa ni la anayekitumia vibaya, si la aliyekitengeneza kwa nia njema.

Msomaji wangu, usiharakishe kuwarushia mawe. Jibu lao lina ukweli ndani yake. Ulevi ulikuwapo kabla yao; Nuhu alilewa katika Mwanzo 9, na wakati huo hapakuwa na abasia yoyote duniani. Pia si haki kumbebesha kijana maskini na chupa yake ya bei nafuu dhambi zote za mji, huku tajiri akilewa whisky ya bei ghali nyumbani kwake bila gazeti kumtaja. Na divai si laana. Bwana wetu aliigeuza mitungi sita ya maji kuwa divai huko Kana, na hakuomba radhi. Usiku ule aliotolewa alichukua kikombe. Tunaokutana mezani kwake hatuwezi kusema kwamba mzabibu ni mti wa shetani. Hapa kwetu Tanzania mizabibu ya Dodoma ina historia ya wamisionari ndani yake, na hakuna aibu katika historia hiyo.

Lakini jibu la watawa, pamoja na ukweli wake, linaishia njiani. Na ni Maandiko yanayoonyesha linaishia wapi.

Fungua Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Sheria ya Musa inazungumzia ng'ombe aliyempiga mtu pembe. Ikiwa ndiyo mara ya kwanza, ng'ombe anauawa, mwenyewe hana hatia. Nani angejua? Lakini ikiwa ng'ombe huyo alizoea kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe akaambiwa, naye asimfunge, hapo mambo yanabadilika. Mwenyewe anahesabiwa. Angalia kinacholeta hatia. Kumiliki ng'ombe si kosa. Kosa ni kujua na kutokumfunga.

Kisha fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, weka ukuta wa kuzuia kuzunguka dari. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa bapa, na watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika nafaka na hata kulala. Mtu angeweza kuanguka. Mungu hasemi usijenge dari. Hasemi pia kwamba anayeanguka amejitakia, angeangalia anapokanyaga. Anamwambia mwenye nyumba aweke ukuta, ili damu isiwe juu ya nyumba yake.

Hapo ndipo jibu la watawa linapopungua. "Nia yetu ni njema" ni jibu la mara ya kwanza, kabla ng'ombe hajapiga pembe. Baada ya kuambiwa mara 5,638, swali si nia tena. Swali ni ukuta: umefanya nini baada ya kujua? Benedikto mwenyewe, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, alikubali watawa wapate divai kwa kipimo, na aliandika kwa tahadhari ya mtu anayejua kwamba kipimo cha mmoja ni anguko la mwingine. Katika sura ya 57 aliwaonya wanaouza kazi za mikono ya watawa wajihadhari na tamaa ya fedha. Mafundisho ya kujengea ukuta walikuwa nayo rafuni.

Serikali mbalimbali zimejaribu kujenga kuta za aina yake. Marekani mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa iliwaonya watengenezaji waliokuwa wakitia kafeini katika vileo, na vinywaji hivyo vikaondolewa madukani au vikabadilishwa. Scotland iliweka bei ya chini kabisa ya pombe mwaka 2018, kulingana na kiasi cha kileo. Na sisi, nani amesahau viroba? Pombe kali katika mifuko midogo ya plastiki, bei ambayo hata mtoto wa shule angeimudu, ukubwa wa kufichwa kwenye soksi. Machi 1, 2017 Tanzania ilivipiga marufuku. Siku ile wazazi wengi walimshukuru Mungu.

Viroba viliondoka. Kiu iliyovileta haikuondoka. Pita Makambako jioni, pale bodaboda wanapoegesha. Kijana ana kichupa kidogo cha pombe kali mfukoni na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi, hizi tunazoziita enaji. Anachanganya. Hajawahi kusikia habari za Devon wala Scotland, lakini ametengeneza divai ile ile kwa mikono yake: kileo cha kumlevya, kafeini ya kumficha asijue kuwa amelewa. Kisha anapakia abiria, na abiria huyo huenda ni binti yako anayetoka kwaya.

Narudi kwa mama wa bahasha. Wiki chache baada ya mavuno nilipita kwake. Nilimkuta uani, ulanzi wa asubuhi ukiwa umeletwa. Msomaji usiyetoka huku, ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi changa, hufunga mbeta ya kukinga, hurudi asubuhi na jioni kukusanya na kukata upya. Ukiwa mbichi ni mtamu, hata mtoto hunywa. Ukikaa unachacha, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mkali.

"Kamwene, mama," nilimwamkia.

"Kamwene, Mwalimu. Karibu. Najua umekuja kwa ajili ya ile sadaka."

Nilikosa la kusema. Akaendelea yeye.

"Watoto wangu watatu wamesoma kwa ulanzi. Sikuficha, na kanisani sikuficha. Lakini mimi jua likizama nafunga. Mwenye sare ya shule haingii hapa. Na kijana akishaanza kusema maneno mawili kwa wakati mmoja, namwambia mama yako anakusubiri, nenda. Wengine wananitukana. Wananiambia wateja wataenda kwingine. Wanaenda kweli." Akanitazama. "Mwalimu, mimi umenijia. Wale wanaouza zile za chupa na enaji hadi saa sita usiku umewaendea? Si tunasali nao?"

Ndugu msomaji, nilikuja kukagua dari ya mtu mwingine nikakuta ina ukuta. Mama yule alikuwa ameshaujenga, bila semina na bila waraka. Ulikuwa ukuta mfupi, ndiyo, wa mikono ya mwanamke mmoja, lakini ulikuwapo. Nilipotoka pale nilianza kuzihesabu dari zetu sisi wengine.

Kwanza, sisi wenye fremu. Wakristo wengi wa mijini, na hata baadhi ya makanisa, tumejenga vyumba vya maduka kando ya barabara ili kupata kodi. Ni jambo jema. Kodi hiyo inalipa watumishi na kuezeka nyumba za ibada. Lakini je, umemwuliza mpangaji wako anauza nini, kwa nani na hadi saa ngapi? Au unapokea kodi kila mwezi na kusema, mimi nimepangisha chumba tu? Hilo ndilo jibu la abasia, ukilitazama vizuri.

Pili, sisi wa shughuli. Kipaimara, komunyo, harusi, ubarikio wa nyumba. Tunapima heshima ya mwenye shughuli kwa idadi ya kreti. Mtu akiondoka anapepesuka na funguo za gari mkononi tunacheka na kusema shughuli ilifana. Habakuki 2:15 inamtangazia ole anayemlevya jirani yake. Haikusema ole wake aliyelewa peke yake. Mwenye kumimina naye yumo.

Tatu, sisi wa vicheko. Kilichoifanya divai ya watawa iwe kubwa Scotland si matangazo pekee. Ni mzaha. Watu walipoanza kuupa ulevi majina matamu na kuuchekea, kijana wa miaka 15 akaona kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwa mmoja wao. Nasi tunazo hadithi zetu za walevi, tunazisimulia mbele ya watoto, tunatuma video za mzee aliyeanguka mtaroni. Yule mzee ana mke. Ana watoto wanaoiona video hiyo shuleni. Kila tunapocheka tunang'oa tofali moja kwenye ukuta.

Nne, sisi tusiokunywa kabisa. Wengi mnaosoma safu hii ni wa kundi hili, na Mungu awabariki. Lakini kutokunywa si ukuta. Kuhani na Mlawi hawakumpiga mtu yule wa njia ya Yeriko. Walipita kando tu. Kijana wa bodaboda hahitaji kusikia kwamba wewe hunywi. Anahitaji mtu anayejua jina lake, atakayemwuliza Jumatatu anaendeleaje, na atakayemwambia ukweli kuhusu kopo lile: nguvu zile ni za kukopa, na mkopo hulipwa.

Basi, ile bahasha ipokelewe au isipokelewe? Mzee aliyeninong'oneza ameniuliza tena, nami namjibu hapa mbele yenu. Ipokelewe, kwa heshima. Lakini kanisa linalopokea sadaka ya dumu limejifunga kwa dumu hilo. Haliwezi kuchukua pesa Jumapili na kusema Jumatatu kwamba ya kilabuni hayatuhusu. Tukipokea, twende tukamsaidie mama yule kuurefusha ukuta wake: tusimame naye anapomkatalia mwanafunzi, tumtafutie njia nyingine ya kipato akiitaka, na tuwaendee kwa upole ule ule wale wa chupa na enaji tunaosali nao. Tusipokuwa tayari kwa hayo, basi tuikatae bahasha, na tukatae vilevile kodi ya fremu na michango ya wenye baa wakubwa. Kukataa ya maskini na kupokea ya tajiri si utakatifu.

Wiki hii, kabla hujalala, panda juu ya dari yako. Kazi unayoifanya, kitu unachouza, chumba unachopangisha, meza unayowaandalia wageni: mtu anaweza kuanguka kutoka wapi? Umeshaambiwa mara ngapi? Na ukuta uko wapi?

Tuombe. Ee Bwana uliyebariki divai ya Kana, tupe kipimo. Wakumbuke watawa wa Buckfast na wagema wa Lyamkena, wanaouza na wanaonywa. Walinde vijana wetu walio barabarani usiku huu. Na sisi tuliojua tukanyamaza, utusamehe, utupe mikono ya kujenga. Amina.